Baada ya Miaka 50: Kazi ya Kufanya, Watu wa Karibu na Akiba ya Uzeeni

AGHALABU ukurasa huu huzungumzia maradhi na dawa zake. Wiki hii tunataka kuzungumza nawe kuhusu jambo ambalo halina dawa dukani, ilhali huamua kwa kiasi kikubwa iwapo utauona uzee ukiwa mzima au ukiwa mgonjwa. Nalo ni jinsi ya kuishi baada ya kutimiza miaka 50.

Mtu wa miaka 50 si mzee. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yenyewe humwita mzee yule aliyetimiza miaka 60. Hata hivyo, ni katika umri huu ambapo mambo mengi hubadilika kwa pamoja. Watoto wanaondoka nyumbani, au wamemaliza masomo na wanazunguka wakitafuta kazi huku wakikutegemea. Wazazi wako, ikiwa wangali hai, wanahitaji kuangaliwa. Kazini vijana uliowafunza wanapandishwa vyeo na kuwa wakubwa wako. Magoti yanaanza kulalamika na maandishi ya gazeti yanaonekana madogo kuliko yalivyokuwa mwaka jana.

Hapo ndipo maswali matatu huanza kumkosesha mtu usingizi. La kwanza: nitakuwa nikifanya nini? La pili: nitakuwa na nani? La tatu: nitakula nini na nitajitibu kwa nini? Somo letu litayafuata maswali hayo moja baada ya jingine, na tutachukua mifano yetu kutoka Machakos, kwa sababu ni mji ambao wasomaji wetu wengi wana kwao huko au wana jirani anayetoka huko. Si bure kwamba kituo kikubwa cha mabasi jijini Nairobi kinaitwa Machakos.

HATARI YA KUKAA BURE

Tangu mwaka 2009, mtumishi wa serikali nchini Kenya hustaafu akiwa na miaka 60. Kabla ya hapo ilikuwa 55. Chukua mfano wa mwalimu aliyefundisha kwa miaka 35 huko Kathiani au Mwala. Kwa miaka yote hiyo kengele ndiyo iliyomwamsha, iliyompeleka darasani na iliyomrudisha nyumbani. Wazazi walimjua kwa jina la "Mwalimu". Siku anapokabidhi chaki, anapoteza mshahara, ratiba, heshima na wenzake wa chumba cha walimu kwa mkupuo mmoja. Mshahara huenda ukafidiwa na pensheni, lakini hayo mengine matatu hayana pensheni.

Wengi husema, "Nikistaafu nitapumzika." Mapumziko ni mazuri kwa mwezi mmoja au miwili. Baada ya hapo mwili usiotumwa huanza kudai. Misuli hupungua, uzito huongezeka, presha hupanda na usingizi wa usiku huharibika kwa sababu ya kusinzia mchana. Wanaume ndio huathirika zaidi, kwani wengi wao hawakuzoea kuwa na shughuli nyumbani. Mama akistaafu hukuta shamba, jikoni, chama na wajukuu vikimsubiri. Baba hukuta kiti chini ya mwembe, na mara nyingi hukuta pia njia ya kwenda kilabuni.

Kwa hivyo jambo la kwanza ni kuwa na kazi ya kufanya ambayo mtu mwingine anaihitaji. Hatusemi lazima iwe kazi ya mshahara. Kinachoujenga moyo ni kujua kwamba usipoamka leo kuna mtu au kitu kitakachokukosa.

Tazama walivyofanya wenzetu wa Zimbabwe. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza mpango katika mtaa wa Mbare, Harare, akiwa na akina nyanya 14. Aliwafunza jinsi ya kumsikiliza mtu mwenye mawazo mengi na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Wakawekewa benchi la mbao karibu na zahanati, na mgonjwa akaketi hapo na kuzungumza. Mwaka 2016 utafiti uliochapishwa katika jarida la madaktari wa Marekani ulionyesha kuwa waliozungumza na nyanya hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Uzee wa akina nyanya hao haukuwa kizuizi. Umri wao ndio uliowafanya waaminiwe.

Hapa kwetu hakuna aliyemsahau Kimani Maruge, mzee aliyejiunga na darasa la kwanza huko Eldoret Januari 2004 akiwa na miaka 84, mwaka mmoja baada ya serikali kuondoa karo katika shule za msingi. Alitaka kujua kusoma na kuhesabu. Ikiwa yeye hakuona haya kuvaa kaptura ya shule, wewe wa miaka 52 unaogopa nini kujifunza kufuga nyuki au kutumia kompyuta?

Orodhesha, msomaji, mambo unayoyajua ambayo vijana hawayajui. Fundi wa cherehani anaweza kufunza wasichana wawili. Karani mstaafu anaweza kuwawekea hesabu kikundi cha akina mama. Nesi anaweza kupima presha za majirani kila Jumamosi. Huko Wamunyu, ufundi wa kuchonga vinyago ulienea baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa sababu mtu mmoja, Mutisya wa Munge, alijifunza kwa Wazaramo wa Tanganyika kisha akarudi nyumbani na ujuzi huo. Vizazi kadhaa vimelishwa na mikono iliyofunzwa na mikono mingine.

Ukiwa na kipande cha ardhi, panda miti ya matunda sasa. Mwembe wa kupandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4 hivi. Ukiupanda ukiwa na miaka 50, utakula na kuuza maembe kabla hujastaafu.

UPWEKE NI UGONJWA

Swali la pili linahusu watu. Wengi hudhani upweke ni huzuni ndogo ya kupita. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2025, lilikadiria kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka duniani, na kwamba mtu mmoja kati ya kila sita huathirika. Mtu mpweke yumo katika hatari zaidi ya kupatwa na ugonjwa wa moyo, kiharusi, kisukari na kusahau-sahau.

Kule Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard kimekuwa kikifuatilia maisha ya watu tangu mwaka 1938. Kilianza na vijana wa kiume 724, baadhi yao wanafunzi wa chuo hicho na wengine watoto wa mitaa maskini ya Boston. Watafiti walipowatazama wakiwa wazee, waligundua kwamba waliokuwa wameridhika zaidi na uhusiano wao na watu walipokuwa na miaka 50, ndio waliokuwa na afya bora walipofika 80. Uhusiano huo ulitabiri afya ya uzeeni kuliko hata kiwango cha mafuta katika damu. Angalia vyema umri uliotajwa hapo: miaka 50. Marafiki wa uzeeni hutafutwa mapema.

Wakamba wa Machakos walilijua jambo hili kabla ya Harvard. Walikuwa na mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaokusanyika kumlimia mmoja wao au kumjengea nyumba, kisha zamu huhamia kwa mwingine. Katika miaka ya 1930 wakoloni walisema wilaya ya Machakos imeharibika kabisa kwa mmomonyoko wa udongo. Baada ya vita, serikali iliwalazimisha watu kufanya kazi ya pamoja ya kuchimba matuta, na watu wakaichukia. Lakini katika miaka ya 1950, wananchi waliporuhusiwa kuunda vikundi vyao wenyewe vya mwethya na kuchagua viongozi wao, wengi wao wakiwa wanawake, kazi ilikwenda kwa kasi na milima ikajaa matuta. Kati ya mwanzo wa miaka ya 1930 na mwaka 1990 watu wa wilaya hiyo, iliyokuwa pamoja na Makueni wakati huo, waliongezeka zaidi ya mara tano, kutoka kama 240,000 hadi karibu milioni 1.4. Hata hivyo udongo ulihifadhiwa vizuri kuliko zamani. Watafiti waliandika kitabu kizima kuhusu ajabu hiyo mwaka 1994.

Funzo kwetu ni kwamba watu hushikamana wakiwa na kazi ya pamoja waliyoichagua wenyewe. Urafiki wa kupigiana simu tu Krismasi hautakufaa siku utakapougua usiku.

Hapa kuna onyo kwa wale wanaofanya kazi Nairobi, Mombasa au Nakuru na kujenga nyumba nzuri ya kustaafia nyumbani. Matofali yamo, mabati yamo, tangi la maji limo. Lakini je, majirani wanakujua? Mtu aliyekuwa akienda kwao mara mbili kwa mwaka, akashusha vioo vya gari na kupunga mkono, hurudi kustaafu akiwa mgeni katika kijiji alichozaliwa. Wenzake wa utotoni wana mazungumzo yao ya miaka 30 ambayo yeye hakuwamo. Wengine hukata tamaa baada ya mwaka mmoja na kurudi mjini kupanga chumba.

Dawa ni kuanza mapema. Ukiwa na miaka 50, nenda kwenu angalau mara moja kwa mwezi. Kutoka Nairobi hadi mji wa Machakos ni kama kilomita 60 tu. Hudhuria mazishi na harusi, na usitume mchango pekee, bali ufike mwenyewe. Ingia katika kikundi kimoja cha maji, cha kanisa au msikiti, au cha shule. Kubali kuanza kama mwanachama wa kawaida. Aliyekuwa meneja mjini akifika na kutaka awe mwenyekiti siku hiyo hiyo, atabaki na kiti chake peke yake.

Usimsahau aliye karibu zaidi. Wapo mume na mke ambao kwa miaka 25 walizungumza juu ya karo na ada tu. Watoto wakiondoka, wanajikuta wawili mezani bila la kusema. Tengeni saa moja kila siku ya kutembea au kunywa chai pamoja bila redio wala simu. Aliyefiwa au aliyeachana na mwenzake naye atafute ndugu au rafiki wa kumjulia hali kila siku, na aseme wazi kwamba anamhitaji. Si aibu.

Na ikiwa kwa wiki mbili au zaidi huna hamu ya chakula, hulali, hufurahii chochote na unaona maisha hayana maana, hiyo si tabia ya uzee. Ni ugonjwa unaotibika. Mwambie mtu unayemwamini, kisha mwone daktari bila kuchelewa.

AKIBA NA KINGA

Swali la tatu ni la mfuko. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilianza kunyang'anya mifugo ya Wakamba kwa madai kwamba imezidi. Maelfu ya watu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi na kupiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini serikali ikaacha kuwalazimisha watu kupunguza mifugo. Kwa nini walikuwa tayari kuteseka hivyo? Kwa sababu ng'ombe ndiye aliyekuwa benki, bima na pensheni yao. Mtu akiguswa uzee wake, hatalala.

Wewe leo ng'ombe wako ni yupi? Hebu tupige hesabu. Kwa miaka mingi hadi Februari 2023, mfanyakazi alilipa shilingi 200 kwa mwezi katika Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, na mwajiri akaongeza 200. Hizo ni shilingi 4,800 kwa mwaka. Kwa miaka 20 ni shilingi 96,000 kabla ya faida. Tangu wakati huo, wewe hulipa asilimia 6 ya mshahara na mwajiri asilimia 6, hadi kikomo kilichowekwa. Ni nafuu, lakini aliyebakisha miaka michache kazini asitegemee hiyo peke yake.

Ukianza kuweka shilingi 3,000 kila mwezi ukiwa na miaka 50, utakuwa na 360,000 ukifika 60, kabla ya faida. Anayejiajiri, awe fundi, mwenye kibanda au dereva wa matatu, anaweza pia kujiandikisha NSSF kwa hiari au kuweka hisa katika chama cha ushirika. Akiba haiozi.

Yafuatayo ni mambo matano ya kuyatimiza kabla hujafika miaka 60:

1. Hakikisha kumbukumbu zako. Jina lililo katika kitambulisho, barua ya kuajiriwa, NSSF na benki liwe moja. Herufi moja iliyokosewa huweza kuchelewesha malipo yako kwa miezi.

2. Jiandikishe katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hulipa kulingana na mapato yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Usingoje uugue ndipo uanze kulipa.

3. Lipa madeni. Usistaafu ukiwa na mkopo, wala usimdhamini mtu kwa kiasi ambacho huwezi kukilipa mwenyewe.

4. Jihadhari na walaghai. Mwaka 2006 na 2007 Wakenya walipoteza mabilioni ya shilingi katika upatu wa piramidi, na miongoni mwao walikuwamo wastaafu. Anayekuahidi kuzidisha pesa zako maradufu kwa miezi michache anazitaka hizo ulizo nazo. Na katika kununua ploti, kumbuka Mavoko, katika Kaunti hii hii ya Machakos. Oktoba 2023 nyumba nyingi zilibomolewa huko baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ilikuwa ya kampuni ya saruji. Waliojenga walikuwa wamelipa pesa na wana karatasi. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanya upekuzi rasmi wa hati katika ofisi ya ardhi, tumia wakili wako na si wa muuzaji, na uulize majirani.

5. Andika wosia. Kuandika wosia si kujitakia kifo. Kwa mujibu wa sheria ya urithi ya Kenya, wosia wa maandishi unahitaji sahihi yako ikishuhudiwa na watu wawili au zaidi, na ni vyema wasiwe warithi wako. Wosia wa mdomo hukubaliwa ukitolewa mbele ya mashahidi wawili, lakini hufaa tu ikiwa mwenyewe amefariki katika muda wa miezi mitatu tangu kuutoa. Wengi wanaosema "watoto wangu wanajua nilivyogawa" huwaachia watoto hao kesi mahakamani.

Serikali nayo ina mpango wa Inua Jamii, ambao huwapa walioandikishwa wenye miaka 70 na zaidi, na wasio na pensheni, shilingi 2,000 kwa mwezi. Zinasaidia, lakini hazitoshi kuwa tegemeo lako lote. Wala usiwategemee watoto peke yao. Watakusaidia kwa moyo zaidi wakikuona umejisaidia kwanza.

MWILI UTAKAOYABEBA HAYO YOTE

Kazi, marafiki na akiba havitakufaa ukiwa kitandani. Baada ya miaka 50, pima presha angalau mara moja kwa mwaka. Ikifika 140 kwa 90 katika vipimo vya siku tofauti, unahitaji daktari hata kama huhisi chochote. Pima sukari. Pima macho, kwa kuwa presha ya macho hupofusha polepole bila maumivu. Mwanamume anayeamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo, au mkojo wake hutoka kwa shida, asione haya kumweleza daktari. Mwanamke aliyekoma hedhi kisha akaona damu tena aende hospitali mara moja, hata ikiwa ni tone.

Tembea kwa kasi dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Wakazi wa Machakos wana vilima vya Iveti na njia ya kuelekea bwawa la Maruba, hivyo hawana kisingizio. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika vyakula vya dukani. Muthokoi wenye maharagwe au mbaazi, pamoja na mboga za majani, ni mlo bora kuliko chipsi za kila jioni.

KAZI YA WIKI HII

Chukua daftari, msomaji, ugawanye ukurasa mara tatu. Katika sehemu ya kwanza andika jambo moja unalolijua ambalo utamfunza mtu kabla ya mwaka kwisha. Katika ya pili andika majina ya watu watatu unaoweza kuwaita saa nane za usiku, nao wakaja. Ikiwa hawafiki watatu, hapo ndipo pa kuanzia. Katika ya tatu andika unachomiliki, unachodaiwa na kiasi utakachoweka kila mwezi kuanzia mwezi huu.

Kisha mwonyeshe mwenzako, ndugu yako au rafiki unayemwamini. Ikiwa wewe ni kijana, msomee mzazi wako makala haya jioni ya leo, nawe uyajibu maswali hayo pamoja naye. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na miaka 60 haibishi hodi.

Wiki ijayo tutatazama maumivu ya magoti na mgongo, na mazoezi unayoweza kuyafanya nyumbani bila vifaa. Hadi hapo, kaa salama.